Simu Inaita, Lakini Siko Yanina

Mavrolithi,
Machi 3

Mwanangu mpenzi Stathis,

Pokea salamu za mama yako. Mimi ni mzima, goti tu ndilo linalonisumbua baridi ikizidi. Natumaini wewe, mkeo Grete na mjukuu wangu hamjambo huko Ujerumani, na kikohozi chako kimekwisha. Ile chai ya mlimani niliyokufungia uinywe, usiitupe kabatini.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hunikatiza kabla sijameza mate.

Najua umeshtuka kuona jina la kijiji hapo juu. Novemba ulinihamishia kwenye fleti yako mjini Yanina, ukasema kijijini simu haishiki, nikianguka nani atajua? Nyumba ya mlimani ukasema itauzwa. Sikukubali, nilinyamaza tu. Nililala pale siku kumi na moja. Siku kumi na moja, Stathis, hakuna mtu aliyetamka jina langu! Siku ya kumi na mbili nikapanda basi la kurudi.

Usimlaumu Panagiota, mleta barua wetu. Mimi ndiye niliyemuuliza simu itashikaje huku. Akaniambia mkahawani kwa Kosmas kuna waifai, akabonyeza mahali kwenye simu yangu, akasema nikikaa pale simu zitapita humo humo, kwa namba yangu ile ile, na anayenipigia hataona tofauti. Tatizo, unajua mwenyewe, mkahawani hukaa wanaume tu. Siku ya kwanza nilipovuta kiti, mzee Thodoros aliuliza kwa sauti eti nimekuja kucheza karata, au bado namtafuta marehemu mume wangu arudi nyumbani. Nikamjibu kwamba marehemu angalau karata alizijua. Wakacheka mpaka Kosmas akamwaga kahawa. Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa. Sasa kiti cha karibu na jiko ni changu, na mgeni akikikalia anafukuzwa.

Kwa hiyo tangu Desemba, kila saa nne asubuhi uliponipigia na kufurahi kwamba simu inaita, basi mama yuko mjini, nilikuwa hapa. Zile kengele za mbuzi ulizozisikia hazikuwa za televisheni. Nilikudanganya majira yote ya baridi, na sioni haya.

Kuna jingine nililolificha. Januari nilianguka. Niliteleza uani kwenye barafu, simu iko ndani, waifai iko mkahawani. Ulichokiogopa kilinipata, na niliogopa kweli. Lakini saa nne na robo Thodoros alikiona kiti kitupu, akasema Evanthia hachelewi, kuna jambo. Walikuja wanne na mlango mbovu wa zizi, wakanibeba juu yake huku wakigombana nani ashike upande wa kichwa. Yanina ningeoza nyuma ya mlango uliofungwa vizuri.

Dalali wako alifika Jumanne. Nilimpa kahawa na kijiko cha cheri zilizopikwa kwa sukari, kama inavyompasa mgeni, nikamwambia mwenye nyumba hajafa. Kisha nikamwonyesha basi linaposimama.

Msalimie sana Grete, na mtoto umbusu mashavu yote mawili. Pasaka njooni, mwanakondoo nitamchoma mwenyewe. Ukiwa na hasira, nipigie saa nne. Nitapokea mbele ya watu wote.

Mama yako, asiyehama,
Evanthia