Jina Lililotoka Mwakitolyo

Mpendwa kaka Kulwa,

Nipo likizo hapa nyumbani Mhunze. Mama hajambo, ila ukimsalimia anachelewa kuitikia.

Nakumbuka ulivyorudi mara ya mwisho kutoka machimboni Mwakitolyo, vumbi la duara, lile shimo lenu la dhahabu, limekuganda hadi kwenye kope, ukaniuliza chuoni nasomea nini hasa. Nikakwambia nasomea lugha za alama za kihisabati, za kueleza programu zinazohama zenyewe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, ili tujue mapema kama zitapotea njiani. Ukacheka. "Hao ni sisi wachimbaji. Tukisikia dhahabu imetoka kwingine tunabeba sururu, hatuagi."

Nikakueleza na kanuni moja. Jina la ndani ya programu likitaka kutoka, na huko nje yupo mwenye jina hilohilo, libadilishwe kwanza, la sivyo ujumbe utamfikia asiyehusika. Ukasema sisi wasomi tunatafuta shida kwa tochi.

Hukuniambia kwamba wenzako walikuita Doto. Kumbe kila mlipopumzika wimbo wako ulikuwa, "Doto hivi, Doto vile, pacha wangu yuko chuo." Wakachoka, wakakupa jina langu, la kwako likasahaulika. Duara lilipotitia wakampigia mama: "Pole mama, Doto hatunaye."

Mama akanipigia hapohapo. Nikamwambia, "Mama, si mimi huyu unaongea naye? Hao matapeli." Tukamshukuru Mungu, tukacheka kabisa. Wenzako wakasubiri ndugu, hawakuona mtu, wakakuzika. Tulijua baadaye, simu yako ilipokuwa haipatikani na mjomba akaenda kukuulizia.

Inaniuma, Kulwa. Kanuni ile nawafundisha wenzangu, lakini ilipotufika nyumbani sikuitambua. Wewe ulikuwa umelala peke yako na sisi tunacheka.

Kwenye msalaba wako walikuwa wameandika DOTO. Mama akaniambia, "Ng'wanawane, mwanangu, kamwandikie mwenzio jina lake." Nikaenda na fundi wa rangi. Alipoanza kulifuta nilitaka kumzuia, maana ndilo ulilokuwa ukilitaja kila siku. Nikamshikia kopo la rangi. Akaandika KULWA, herufi zimenyooka vizuri, na hapo ndipo nilipoamini kwamba ni wewe.

Pumzika, kaka. Ulitangulia kuzaliwa, na huko nako umetangulia.

Pacha wako,
Doto