Firigisi ya Baba Mkubwa

Shauri Moyo,
Nairobi.
Jumanne, 14 Januari 2025.

Mpendwa Shangazi Perez,

Pokea salamu zetu za mwaka mpya. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu wakupunguzie zamu za kusimama jikoni pale hotelini. Joto la Mombasa je, linavumilika? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama hakohoi tena.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu chumba chetu ni kimoja na Mama yumo humo. Jirani yetu Mativo anasafiri kesho kuja huko, naye atakukabidhi barua mkononi.

Kwanza asante kwa karatasi uliyonitumia ya kuandaa sherehe nyumbani. Niliifuata mstari kwa mstari. Nilialika watu kumi na wawili tu, kwa majina, na nikawaambia waje saa tisa, wakiwa wamekwisha kula cha mchana kwao. Chapati nilizipika Ijumaa. Soda sikununua, nilikamua pasheni na ndimu. Sahani niliazima kwa kina mama wa kanisa, kila mama nikampa rangi yake ya kucha, tone moja chini ya sahani, ili kila kitu kirudi kwao bila ugomvi. Ilikuwa mara ya kwanza kwetu wageni kumkuta mpishi ameoga.

Kuku pia nilifanya ulivyoandika: usinunue wazima, nunua mapaja, kila mgeni apate sawa na mwenzake. Nilienda soko la Burma Jumamosi asubuhi na mapema, nikachagua mapaja kumi na matano.

Sherehe yenyewe unajua ilikuwa ya nini. Tangu Baba afariki, Baba Mkubwa Patrobas ndiye mwenye neno la mwisho juu yangu. Alikuja kutoka Butere ale chakula nilichopika kwa mikono yangu, kisha aseme kama naweza kuja kwako nisomee upishi.

Baada ya maombi nilimtengea. Alifunua bakuli, akakoroga mchuzi polepole kama mtu aliyeangusha pete humo ndani.

"Phelister, firigisi yangu iko wapi?"

Shangazi, miaka yote nilimwona Baba akitengewa firigisi, na Jumamosi haikunijia kabisa kwamba paja haliji na firigisi. Nilisema hakuna.

"Hakuna! Mapaja yote haya, firigisi hata moja! Hawa kuku walikuwa wakisaga chakula wapi, magotini?"

Watu walicheka. Mzee Jackton wa nyumba ya pili akadakia, "Mwenzangu, hao ni kuku wa Nairobi. Hawana tumbo, wana miguu tu ya kukimbilia kazi." Wakacheka zaidi, hata wale waliokuwa wamenisifia chapati.

Baba Mkubwa hakucheka. Aliniuliza ni nani aliyenifundisha kumlisha mkuu wa boma namna hiyo. Nilinyamaza. Ningekutaja, ningeufunga mlango wako kwa mkono wangu mwenyewe, maana yeye husema wazungu wa hoteli walikusahaulisha kwenu. Yeye akadhani ni jeuri.

"Huyu ndiye asomee upishi? Jumapili ijayo anarudi na mimi. Atalisha kuku wa mke wangu mpaka ajue kuku ana viungo vingapi."

Kisha akalivuta tena lile bakuli, akala mapaja matatu, likiwemo langu na la Mama.

Mama alicheka kuliko wote. Nilidhani anacheka kwa aibu. Lakini jioni ile, tukiosha vyombo pale bombani, aliniambia bila kuniangalia kwamba alijua tangu asubuhi. Aliona mapaja kwenye karai, akaona hakuna firigisi, na bado kulikuwa na muda wa kurudi sokoni.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Ukienda Mombasa mimi nabaki na nani?"

Alitaka Baba Mkubwa akatae tu, nami nikae hapa naye. Hakudhani angenichukua. Jana alinunua firigisi tano, akazikaanga vizuri kwa vitunguu, akampelekea Baba Mkubwa kwa Mzee Jackton anakolala. Alizila zote, akashukuru, neno lake akaliacha lilivyo. Sasa Mama ananishonea mkanda wa begi. Anaimba wimbo wa kanisa huku anashona, nami natoka nje nisimsikie.

Shangazi, wewe ni dada yake Baba Mkubwa, na ndiye pekee anayeweza kumjibu. Nakuomba umpigie simu kabla ya Jumapili umwambie kwamba mapaja yalikuwa ushauri wako. Najua atakutukana. Mimi nimetukanwa mbele ya wageni kumi na wawili na jina lako halikunitoka mdomoni. Karatasi yako iko ndani ya Biblia yangu, hakuna aliyeiona.

Nisalimie binamu zangu Luseno na Millicent, na umwambie Millicent kitanda alichonitengea asimpe mtu bado. Mungu akukinge na moto wa jikoni na maneno ya watu.

Usipopiga, nitajua ni wawili walioona wakanyamaza.

Mimi wako ninayekupenda na kukusubiri,
Phelister.