Kwa Babu Mwinyihaji, Aliyeleta Gari la Moshi Msambweni

Mwaka umetimia, Babu, tangu ulipotuaga baada ya sala ya alasiri, umelalia ubavu wa kulia, kimya kabisa. Kwa mtu wa kelele kama wewe, tulistaajabu.

Wasiokujua na wajue: wewe ndiye Mwinyihaji Shutu wa Msambweni, mchochea moto wa injini za Reli, Voi na Nairobi, mpaka ulipostaafu miaka ya mwanzo ya Uhuru. Ulikuwa mpole na mkarimu. Ulituwahi watoto kwa salamu kabla hatujatamka shikamoo, ukatuharibia adabu. Chai yako ilikuwa sukari iliyotiwa majani kidogo. Ukitukanwa ulicheka, ukisifiwa ulikohoa.

Kazini ulikaa sana. Nyumbani ulikuja Ramadhani hii uje, ile usije. Shangazi yetu Mishi alipofariki kwa surua, angali wa kubebwa mgongoni, wewe ulifika siku ya arubaini, macho makavu, ukasalimia watu, ukauliza kama mbuzi walitosha. Bibi Asiya hakukwambia neno. Alikupikia, akakufulia, akakuzalia wengine. Lakini swali la kama ulimlilia mwanao au hukumlilia lilibaki mle nyumbani, nasi wote tulijifunza kulipita bila kujikwaa.

Kisha ukastaafu, ukaja na meza. Ilijaa chumba kizima cha wageni: reli za bati zinazozunguka, milima ya mawe ya matumbawe, na gari la moshi la kuchezea, la kutia ufunguo, alilokuachia mkubwa wako Mzungu alipofunga virago kurudi kwao. Ukalitia ufunguo, likazunguka: kiri-kiri-kiri. Bibi alisimama mlangoni na ungo wake.

"Baba Abdalla, ndicho hiki kilichokuweka Voi?"

"Lenyewe ni kubwa, Mama Abdalla."

"Kubwa! Mbona lalia kama panzi?"

Maneno yale yalikuingia. Kesho yake ulivuka feri na tepurekoda ya kuazima, ukakaa kando ya reli kule Mazeras mpaka ukanasa sauti ya injini inayopanda mlima. Fundi Chome wa redio akakutolea kikuza sauti chake cha harusini, kile cha betri ya gari, na spika mbili, mkazifunga chini ya meza. Kukiwa na harusi Ukunda, gari lako halikwenda.

Siku ya kwanza injini ilinguruma vizuri. Katikati ya mlima mtu akapaza sauti: "Madafu! Madafu baridi!" Ulikuwa umemnasa naye.

"Kumbe muda wote huo mlikuwa mkiuza madafu," Bibi akasema.

Tulianguka chini kwa kicheko, hata Fundi Chome, ambaye kucheka kwake ni kwa mwaka mara moja. Wewe hukucheka. Ulirudi Mazeras.

Ulipopata sauti safi uliona bado ni nyembamba. Spika moja ukaitia ndani ya debe la mafuta ya taa, ili vyuma visikike vikigongana. Ya pili ukaielekeza kwenye mdomo wa mtungi wa maji wa Bibi, uliouingiza chini ya meza, ili kishindo kitoke tumboni. Wiki ile tulikunywa maji ya moto kama wasafiri. Ajabu ni kwamba Bibi hakuudai mtungi wake.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, mkaunganisha nyaya. Hatutii chumvi, Babu: meza ilitetemeka, vikombe vikasogea kabatini, kuku wakahamia kwa jirani. Msambweni, ambako reli haijawahi kufika, gari la moshi lilipita siku ile, na aliyetaka kumwambia mwenzake neno ilibidi amshike sikio.

Bibi aliingia, akaweka kiganja juu ya meza. Hakukiondoa mpaka sauti ilipokwisha.

"Ndivyo kulivyokuwa?"

"Huko juu ni zaidi."

"Mtu akilia mle ndani, husikika?"

Ulilishika gari la kuchezea kwa mikono miwili.

"Hasikiki."

"Na siku ya Mishi?"

"Telegramu nilipewa Voi, mguu mmoja u juu ya injini. Hapakuwa na wa kushika zamu yangu. Nililia mpaka Mtito Andei, Mama Abdalla. Dereva alikuwa ubavuni mwangu na hakujua. Nilipofika kwako machozi yalikuwa yamekwisha."

Maneno hayo, Babu, ungeweza kuyasema kwa mdomo tu. Wewe ulitaka kwanza reli, debe, mtungi na betri ya gari. Njia ya mkato hukuijua.

Bibi alivuta kigoda, akakaa karibu na meza, upande wa mtungi.

"Liwashe tena," akasema. "Na hawa watoto watoke. Na wewe, Chome."

Tulikaa barazani pamoja na Fundi Chome, mlango umefungwa, ninyi wawili ndani. Kanda ilikwisha, ikaanzishwa upya, ikakwisha, ikaanzishwa tena, mpaka betri ikachoka. Hatukusikia kitu ila gari la moshi.

Unakumbukwa na mkeo, Bibi Asiya, wanao, Abdalla na Mwanafatuma, Fundi Chome, na sisi wajukuu na watani wako, ambao wa kiume miongoni mwetu wameshaanza kumgombania mkeo, naye anasema hakuna hata mmoja anayefaa. Mola akurehemu na akupe kauli thabiti. Hatujakusahau, Babu, wala hatuna nia hiyo.