Nyumba ya Mama Ng'ambo ya Tunduma

Jumatatu, 7 Juni 1954. Mlowo.

Randa tangu asubuhi. Madawati ya shule, mbao za mninga. Lori la kutoka Tunduma limepita saa nne, halikunishushia barua. Hii wiki ya saba. Dalali kimya.

Nina hasira. Naandika kwa sababu mke wangu Rabeka kachoka kunisikiliza.

Mwezi wa nne dalali huyu, Simkoko, alinihakikishia kwamba nyumba ipo. Matofali ya kuchoma, bati, upande wa Rhodesia, mwendo wa saa moja ukishavuka mpaka, karibu kabisa na kwa mama mdogo. Mwenye nyumba ni mjane, Bibi Nakamba. Mwanawe yuko migodini Kitwe, anamwita akaishi naye. Nyumba ipo, mwuzaji yupo, mnunuzi nipo. Sasa kinachokwama ni nini?

Mama kaniuliza tena leo. Alitoka kwao kwa miguu kuja kuolewa huku kwetu Unyiha, na anataka kurudi kwa miguu. Lori kalikubali mpaka Tunduma tu, na hapo tumembembeleza. Kutoka mpakani atatembea mwenyewe, aingie mlangoni kwake watu wa kwao wakimwona. Goti la kulia limeanza kuvimba. Analipaka mafuta huku ananitazama.

Alhamisi, 10 Juni.

Simkoko kaja. Kwa baiskeli kutoka Tunduma, vumbi mpaka kwenye nyusi. Sikuacha randa. Yeye anaeleza, mimi napiga randa. Kuna mambo ya shemeji watatu wa Bibi Nakamba. Kuna mambo ya mwene, yaani mkuu wa nchi ile. Ardhi kule haiuzwi, inaombwa kwake; kinachouzwa ni kuta, bati na miti. Maneno, maneno. Nikamwuliza jambo moja: lini? Akasema, "Fundi, mambo haya hayapigwi randa."

Ebo! Ndani ya karakana yangu!

Alikaa juu ya gogo kama nusu saa, akaondoka. Rabeka akaja na kikombe cha maji akakuta gogo tupu. Kaninunia mpaka usiku. Na anune.

Jumapili, 13 Juni.

Kanisani na mama. Zamani tulifika kabla ya kengele ya pili. Leo tumeingia wimbo wa kwanza umeshakwisha. Kapumzika njiani mara nne. Nimehesabu.

Binamu Yoramu kaja kula nasi. Anafanya biashara ya chumvi na vitambaa pale Tunduma, kila siku yuko ng'ambo. Nikamweleza habari za dalali, akacheka mpaka ugali ukampalia. "Dalali wa nini, nawe una wajomba kule kule? Damu yako yote iko kule!" Mama akasema Yoramu aache. Yoramu hakuacha. Na mimi sikutaka aache. Alikuwa anasema yaliyomo moyoni mwangu.

Jumamosi, 19 Juni.

Dereva wa lori kaleta ujumbe wa mdomo kutoka kwa Simkoko: nisivuke mpaka yeye aniite.

Niitwe! Niitwe kwenda kwa wajomba zangu! Nimetupa patasi chini, ncha imevunjika. Patasi nzuri. Hata hilo namhesabia yeye.

Jumatano naenda na Yoramu. Sisemi kwa mtu.

Jumatano, 23 Juni. Tunduma, kwa Yoramu.

Niandike yalivyotokea.

Nyumba ni nzuri. Hilo niliseme kwanza. Kuta zimenyooka, kuna mti wa mlimao nyuma. Mlango tu umeliwa na mchwa. Bibi Nakamba hakuwepo, alikuwa shambani. Yoramu akasema tupime basi, nikienda nyumbani nitengeneze mlango mpya, biashara imekwisha. Nikaona ni akili. Nikatoa fimbo yangu ya kupimia.

Fimbo ile. Akili yangu niliiacha wapi! Fimbo ninayopimia majeneza, ina alama nyekundu za mtu mzima na za mtoto. Watu wa pande zote mbili za mpaka wanaifahamu. Na kule kwa wajomba fundi huja kupima mlango siku moja tu: jeneza linapokuwa njiani, wajue kama litapita.

Nimeweka fimbo mlangoni, nakata alama, nikasikia ukunga. Bibi Nakamba katupa jembe. Kaiona fimbo. Akapiga kelele, "Mwanangu! Wamemwua mgodini!" Akaanguka chini. Wanawake wakatoka kila upande wanalia. Mzee mmoja kavua kofia akanishika mkono kunipa pole kama mleta msiba. Nilisema hapana, hapana, mimi ni mnunuzi. Nani atanisikia? Yoramu ameshatoka mkuku, nimemkuta kwake anakunywa chai.

Mpaka wanielewe, mpaka bibi ashike pumzi, jua limesogea sana. Kisha kilio kikageuka matusi. Nimeondoka natukanwa na vibibi.

Yote haya ni kwa sababu ya uvivu wa Simkoko. Angemaliza kazi mapema, ningepimaje kwa kuibia?

Ijumaa, 25 Juni. Mlowo.

Nimeanza mlango. Ndiyo, nimeanza. Mninga mkavu, mzuri kuliko wa madawati. Rabeka kauliza ni wa nani. Nikasema wa mama. Akauliza nyumba imepatikana? Nikapiga nyundo kwa nguvu nisisikie.

Mama hajui. Kaja kugusa mbao, akazinusa, akacheka. Nilitamani ardhi ifunguke.

Jumatatu, 28 Juni.

Barua ya Simkoko. Naiandika hapa kama ilivyo ili nisijidanganye baadaye.

"Fundi. Jumatano nilikuwa barazani kwa mwene, na jembe na kitambaa vya kuombea ardhi. Shemeji wawili wa Bibi Nakamba nilikwishawapata. Wa tatu, mgumu kuliko wote, alikubali siku hiyo hiyo mbele ya watu. Nilihangaika nao kwa sababu hao ni ndugu za marehemu mumewe; baba wa ukoo akifa wao ndio huja kudai nyumba na kumtoa mnunuzi nje, na mnunuzi wako ni mama mzee. Nilikuwa nimesimama namweleza mwene kwamba mtu wangu ni mpole, ana subira, hana papara. Ndipo habari yako ikafika. Barazani wamecheka. Mimi nimerudishiwa jembe langu. Tafuta dalali mwingine, au wajomba zako."

Nimeisoma nimesimama. Nikaisoma nimekaa. Wiki zote hizo alikuwa anahangaika na hao shemeji ili mama yangu asije akatolewa nje. Na alikuja kunieleza! Alipanda baiskeli siku nzima kuja kunieleza, nami sikuweka randa chini.

Rabeka kamsomea mama. Sikumtuma. Mama kaniita, nikaenda kama mtoto. Hakupaza sauti. "Baba yako alituma mshenga kwetu. Yeye mwenyewe alikaa nje ya ua wa baba yangu siku tatu, mdomo kaufunga, kaka zangu wanamdhihaki. Wewe umemtuma mtu, halafu umempita njiani ukaenda kumpiga kibao mbele ya wakwe. Tabia hiyo umeitoa kwa nani?"

Nina hasira na Yoramu. Nina hasira na fimbo. Zaidi ya yote na huyu mjinga anayeandika.

Alhamisi, 1 Julai. Tunduma.

Nimemkuta Simkoko nje kwake anaziba mpira wa baiskeli. Hakuinua macho. Nikakaa juu ya jiwe. Nusu saa, labda zaidi. Nikajua nimestahili. Lakini mkewe akaniletea maji, kapiga goti kunipa, "Karibu, mukwai," yaani bwana, kama mtu wa maana. Hayo maji yameniuma kuliko kimya cha mumewe.

Nikasema nimekosa. Nilikuwa nimepanga maneno marefu tangu ndani ya lori, yote yakapotea. Nikasema nimekosa, basi.

Alipomaliza kuziba akanitazama. Kasema kwanza yeye ataenda kwa Bibi Nakamba na mbuzi wangu kumfidia kile kilio, maana mtu aliyelilia mwana aliye hai hawezi kuachwa hivi hivi. Mimi nisiende. Kisha ataanza upya kwa shemeji, mmoja mmoja. Yoramu asikanyage kule. Nikiwa na swali niulize yeye, nisiulize wapita njia. Na nikiitwa barazani, nikae.

Nikauliza, "Nikiulizwa jambo?" Akasema, "Hutaulizwa. Mimi niko kwa sababu hiyo."

Nilitaka kuuliza lini. Nimeumeza ulimi.

Jumanne, 20 Julai. Mlowo.

Wiki ya tatu inakwisha. Siwezi kumkasirikia Simkoko, na hasira haina pa kwenda, inazunguka ndani ya karakana. Nimewafokea wateja. Nimemfokea kuku.

Mlango umekwisha, umeegemea ukuta. Naugeuzia mgongo.

Goti la mama limejaa maji. Jana kashuka ngazi kwa makalio, ngazi mbili tu, akidhani hatumwoni. Mwezi wa sita alikuwa anakwenda kanisani kwa miguu yake. Kama Jumatano ile ningekaa nyumbani, angekuwa ameshaingia kwake kwa miguu. Naandika hivi waziwazi. Hakuna mwingine wa kulaumiwa.

Jumatano, 28 Julai. Tunduma.

Niliitwa. Nikaenda. Nikakaa.

Shemeji yule mgumu kasema maneno yote ya duniani. Kasema nimekuja na fimbo leo? Kasema labda nimpime na yeye. Watu wakacheka, mwene naye akatabasamu. Damu imenichemka mpaka masikioni. Nikashika magoti yangu kwa mikono miwili, nikatazama jembe jipya lililowekwa miguuni pa mwene. Simkoko kajibu kila neno, taratibu, wala hakunitetea kupita kiasi. Bibi Nakamba alikuwepo. Simkoko alipomaliza, bibi akasimama akasema mbuzi alimpokea, na kwamba mwanawe kamwandikia barua, mzima. Akaongeza, "Huyo fundi amekaa vizuri leo."

Mwene kapokea jembe. Ardhi tumepewa. Nyumba ni ya mama.

Nilipotoka nje shingo ilikuwa imekakamaa.

Ijumaa, 30 Julai. Mlowo.

Mama hawezi kusimama. Tumemjaribu asubuhi, mimi huku, Rabeka kule. Hawezi. Kasema tuahirishe, labda goti litapungua. Kisha mwenyewe akasema hapana, twende.

Simkoko kaleta baiskeli yake kwa lori bila kuombwa. Nimetengeneza kiti cha kufunga nyuma, kina mgongo na pa kuwekea miguu. Kazi ndogo, imenichukua siku nzima. Nilikuwa nasimama kila mara. Nimetengeneza majeneza mengi na mkono haukunisumbua hivi.

Jumapili, 1 Agosti. Nyumbani kwa mama.

Tulivuka jana. Lori mpaka Tunduma. Kutoka hapo Simkoko alisukuma baiskeli, mama nyuma kwenye kiti, koti langu limemkinga mgongo. Mimi nilifuata na mlango kichwani. Penye mchanga Simkoko alisimama akapumua, nikampa maji kwa mikono miwili, akanywa, akampa mama.

Mama aliomba asimamishwe mbele ya mlango. Tukamshika. Akavuta mguu mmoja, wa pili ukakataa. Tukambeba ndani. Watu wa kwao walikuwepo, walimwona anabebwa. Sikumtazama usoni.

Leo asubuhi nimepachika mlango. Umepungua vidole viwili chini. Alama ile niliikata bibi wa watu anapiga ukunga, mkono uliruka. Simkoko ameona, akaenda kushika bawaba upande wake mpaka nikakaza skrubu ya mwisho. Nikasema nitaushusha, niongeze ubao.

Mama yuko kwenye mkeka, amelala ubavu, uso mlangoni. Kasema niache. Kwa pale chini anaona miguu ya wanaokuja kabla hawajabisha hodi. Mama mdogo alipokuja, mama kamjua kwa kidole cha mguu kilichopinda, akamwita jina angali bado nje, wakacheka wote wawili, mmoja huku, mmoja kule.

Nimeuacha. Simkoko tayari anafunga kamba kwenye baiskeli, ana mtu mwingine anayetafuta shamba upande wa Ileje. Nimemwuliza kama ataondoka kabla ya chakula. Kasema atasubiri.