Mistari ya Njano Getini

Pipeline, Nairobi

Kwako Baba mpendwa,

Mmeamkaje huko nyumbani, wewe na Mama? Goti lako limepoa, au bado unachechemea ukienda shambani? Mimi ni mzima, tena nimenenepa kidogo, maana ile kazi ya kuendesha gari la mkate niliipata na kutwa nzima nanusa mkate!

Huku si kama kwetu kwenye miwa, ambako trekta huegeshwa popote penye kivuli. Juzi asubuhi nilipeleka mkate duka moja hapa Pipeline. Maghorofa yamebanana, njia nyembamba. Nikaona nafasi mbele ya geti la ploti moja, chini pamechorwa mistari ya njano. Nikajiambia, si nitatoka sasa hivi? Nikabeba kreti, nikaingia dukani.

Mara nikasikia king'ora. Kutoka nje, ambulensi imetokeza pua getini, na gari langu limeiziba njia.

“Wewe dada!” mlinzi wa ploti akafoka. “Hukuona mistari? Hapa ni njia ya ambulensi na zimamoto! Kuna mama anajifungua humo ndani ya ambulensi!”

Nikaruka ndani, nikawasha. Gari likakohoa, likazima. Nikajaribu tena, kimya. Baba, machozi yalinilengalenga.

Yule mama akachungulia dirisha la ambulensi, jasho linamtiririka. “Dada wa mkate! Ondoa hilo gari, ama nikuje nizalie humo juu ya mikate yako!”

Watu wakaangua kicheko. Fundi viatu akaacha kiti chake, wauza mboga wakakunja leso, wakasukuma wote, “Haya, twende!” hadi tukalitoa. Ambulensi ikapita mbio. Mimi nikabaki nimeegemea usukani.

Jana nilienda kumpongeza yule mama na mkate mkubwa. Ni msichana, ana mashavu kama maandazi! Mlinzi naye akanivuta hadi ukutani kunionyesha maandishi mapya, rangi bado mbichi: USIEGESHE HAPA. HATA GARI LA MKATE.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Tangu juzi sizimi injini kabla sijasoma ukuta na lami.

Nisalimie Mama, shangazi wa kwaya, na dadangu anayejifunza udereva. Huyo mwambie mistari ya njano si mapambo.

Ni mimi binti yako, dereva,
Nekesa