Supu ya Mama Iliyolala Nje

Baba Neema wangu,

Baridi ya huku Kilema haina adabu, inaingia mpaka kwenye soksi. Vidole vyangu vimekuwa vyeupe tena.

Ulinionya nisimwambie mama yako kuhusu lupasi, huu ugonjwa wangu, asije akaogopa. Nimemwambia. Jana alinichinjia mbuzi, akaniletea bakuli la supu limejaa mafuta juu, na ningenyamaza ningelazimika kulimaliza. Nikasema, "Mama, daktari amenikataza mafuta."

Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni. "Na wembamba huo?"

Nikamweleza kwamba ugonjwa huu unaumiza mishipa ya damu kwa ndani, zile chembe ndogondogo za lehemu, yaani mafuta ya kwenye damu, zinajipenyeza humo, na mwisho moyo ndio unaumia, hata wa mtu mwembamba. Akairudisha supu sufuriani, akaifunika, akaiweka nje. Nilijua nimemuudhi. Nusura nilie.

Asubuhi hii akaniita jikoni. Baridi ilikuwa imegandisha mafuta yote juu ya supu, meupe kama sahani. Akayaondoa kwa kijiko, akapikia ndizi ile supu iliyobaki. Mtori mtamu, sijui nikwambieje!

Kisha akauchukua mkono wangu, akaanza kuupaka yale mafuta, kidole kimoja kimoja. "Daktari amekataza ndani," akasema. "Nje hajakataza."

Nibusie Neema. Ukiona doa kwenye kadi hii usidhani ni mvua, ni mkono wa mama yako.

Mama Neema