Chujio la Samaki na Kiti cha Mwalimu Ndambuki

Simeon, soma karatasi hii ukiwa umesimama! Mvumbuzi mkuu wa Thika ametengeneza chujio la kusafisha maji ya tangi la samaki wa darasa letu.

Alichomeka mrija mwembamba wa mpira ndani ya sponji, akapuliza hewa kwa pampu ya baiskeli. Mapovu, bwana! Maji yakatakata, na samaki wetu waliokuwa wanakufa wakaanza kucheza.

Ndambuki akaingia. "Fundi ni nani?"

Mvumbuzi akainua mkono. Mwenyewe, Simeon! Akauinua mwenyewe!

"Hongera. Sponji umetoa wapi?"

"Ruiru, mwalimu. Kwa shangazi."

Ndambuki akajisugua makalio polepole. "Kumbe shangazi yako ndiye aliyepasua mto wa kiti changu?"

Basi, ni mimi. Nimekiri yote. Leo nalala bila mto, maana wangu anaukalia yeye.